Mabomu yaliyoangukia Saanane: Mwanza, Machi 1979, na vita ambavyo vingaliweza kuwa vingine

Mwishoni mwa Machi 1979, Vita vya Kagera vikiwa vimetimiza miezi mitano, ndege moja ya kudondosha mabomu ya Libya, nchi iliyokuwa ikimsaidia Idi Amin wa Uganda dhidi ya Tanzania, aina ya Tu-22 iliyoundwa Urusi ya enzi za Kisovieti, iliruka hadi Mwanza ikilitafuta ghala la mafuta. Ililikosa. Mabomu yake yaliangukia Kisiwa cha Saanane, ambacho wakati huo kilikuwa hifadhi ndogo ya wanyama, yakamjeruhi mfanyakazi mmoja wa hifadhi na kuua wanyama kadhaa. Wanaosimulia vita vile hukipitia kisa hiki kwa sentensi moja au mbili, kisha hurudi Lukaya na Kampala, ambako ndiko askari walikokuwa wakipigana. Mimi naamini kinastahili zaidi ya hapo, kwa sababu ni mojawapo ya nafasi chache katika vita vile ambapo umbali kati ya lililotokea na ambalo lingaliweza kutokea unapimika kwa macho.

Kuupima hakuhitaji ramani. Ukivuka kwa boti hadi Saanane asubuhi, ziwa likiwa bado limetulia, ukapanda majabali yake hadi juu, huku pimbi wakikimbilia kwenye nyufa na mijusi wenye vichwa vyekundu na miili ya buluu wakiinua na kuinamisha shingo juu ya mawe, utauona mji wote umekaa mbele yako: nyumba zilizojishikiza vilimani katikati ya mawe, reli inayoingia kutoka kusini, na ufuko. Kisiwa kiko kama kilomita mbili tu kutoka katikati ya mji. Ndege inayokwenda kilomita 900 kwa saa hukata kilomita moja kwa sekunde nne. Hata tukikadiria kwamba shabaha ilikuwa kilomita mbili au tatu kutoka pale mabomu yalipoanguka, tunazungumzia kosa la sekunde 8 hadi 12, muda ambao mtu huutumia kufungua kufuli la mlango wake na kuingia ndani.

Kiswahili kimetupa njia mbili za kulisema jambo lisilokuwepo. Tukisema bomu "lingeanguka" mjini, mlango bado haujafungwa. Tukisema "lingalianguka", tunakiri kwamba wakati umepita na kilichobaki ni kufikiri. Anayechambua vita iliyokwisha anapaswa kukaa ndani ya hilo la pili kwa uaminifu, na uaminifu huo una masharti. Nitabadilisha zile sekunde tu. Sitampa Idi Amin jeshi lenye nidhamu ambalo hakuwa nalo, wala sitawapa marubani wa Libya ustadi katika siku nyingine zote za vita. Kila mtu katika kisa hiki atabaki na akili aliyokuwa nayo, hofu aliyokuwa nayo na habari alizokuwa nazo siku ile. Ninachouliza ni hiki: mabomu yangalilipiga ghala la mafuta la Mwanza, ni nini hasa kingalibadilika?

Kwanza tujue mafuta yale yalikuwa na uzito gani. Tanzania ilipigana vita vile mbali sana na bandari yake kuu. Mafuta yaliyosafishwa katika kiwanda cha TIPER pale Kigamboni yalipakiwa kwenye mabehewa ya matangi na kuvutwa kwa Reli ya Kati kupitia Dodoma na Tabora, safari inayozidi kilomita 1,200 hadi Mwanza. Mwanza ndipo reli ilipoishia. Kutoka hapo kwenda Bukoba ni kama kilomita 180 kwa mstari ulionyooka juu ya maji, na kila kitu, kuanzia askari hadi unga, kilipaswa ama kupanda meli, ama kupakiwa kwenye malori yaliyosubiri kivuko cha Busisi, mahali ambapo leo pana daraja lililofunguliwa mwaka 2025, kisha yakazunguka kupitia Geita na Biharamulo. Askari wengi waliotoka kusini na mashariki ya nchi walipita hapa. Kwa hiyo Mwanza ilikuwa mbali na risasi, lakini ndiyo iliyokuwa koo la vita, na aliyeichagua kuwa shabaha alijua alichokuwa anakitafuta.

Uzito huo ulizidishwa na jambo ambalo watu husahau kuliunganisha na vita. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka 1977, na mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa mwaka huo huo, ukabaki umefungwa hadi 1983. Miaka michache kabla, Mwanza ikipungukiwa ingaliweza kuangalia kaskazini, kwa kuwa Kisumu ilikuwa na reli kutoka Mombasa na meli za pamoja zilizunguka ziwa zima. Mwaka 1979 mlango huo haukuwepo. Isitoshe, mapinduzi ya Iran ya mwanzoni mwa mwaka ule yalikuwa yameanza kuipandisha bei ya mafuta duniani, na nchi yetu ilinunua kila pipa kwa fedha za kigeni ambazo zilikuwa haba. Pipa lililoungua Mwanza lisingalikuwa na badala rahisi.

Sasa tuangalie vita vilikuwa wapi siku ile, maana hapa ndipo makadirio mengi ya haraka hukosea. Amin alitangaza kulitwaa eneo la kaskazini mwa Mto Kagera tarehe 1 Novemba 1978. Kesho yake Mwalimu Nyerere alilihutubia taifa na kusema kwamba uwezo, sababu na nia ya kumpiga tulikuwa navyo. Kabla Novemba haijaisha, majeshi ya Tanzania yalikuwa yakivuka kurudi ng'ambo ya mto. Mutukula, mpakani mwa Uganda, ikaanguka Januari, Masaka tarehe 24 Februari, na Mbarara siku iliyofuata. Tarehe 10 na 11 Machi yalipiganwa mapambano makubwa kuliko yote ya vita hivyo, pale Lukaya, kando ya kinamasi, ambapo Walibya na Waganda waliirudisha nyuma kwa muda Brigedi ya 201, kabla Brigedi ya 208 haijazunguka na kuwapiga kutoka upande mwingine. Mwishoni mwa Machi JWTZ, jeshi la Tanzania, ilikuwa imeshafika eneo la Mpigi, na Kampala ilikuwa karibu. Bomu la Mwanza, basi, lililenga koo la mwili ambao tayari ulikuwa umemeza sehemu kubwa ya chakula chake.

Hili ndilo linalonifanya nisikubaliane na wanaosema kwamba mafuta ya Mwanza yakiungua Amin angalinusurika. Jeshi linaloendelea mbele haliachi mafuta yake yote kilomita zaidi ya 300 nyuma. Dizeli ya siku zile ilikuwa imetawanyika katika mapipa na malori kuanzia Bukoba, Kyaka na Masaka hadi kwenye vikosi vyenyewe. Ghala la Mwanza lilikuwa mafuta ya majuma yaliyokuwa yanakuja, na kuungua kwake kungaliumiza kuanzia Aprili ya kati, si Machi ya mwisho. Nao makamanda wa reli na usafirishaji wasingalikaa wakitazama moshi. Behewa la tangi ni ghala lenye magurudumu. Lingaliweza kusimamishwa Shinyanga au Isaka, likapakuliwa moja kwa moja kwenye malori, na malori yakapita Kahama na Biharamulo hadi Kyaka bila kuiona Mwanza kabisa. Ingalikuwa kazi ngumu na ya polepole, katikati ya masika, kwenye barabara za udongo ambazo lori likikwama huyasimamisha yote yaliyo nyuma yake, lakini ingaliwezekana.

Gharama ya njia hiyo ingalilipwa kwa namna ambayo haionekani kwenye ramani za vita. Serikali ilitoa hesabu ya askari 373 wa Tanzania waliopoteza maisha, na katika hao walio wachache ndio waliouawa katika mapigano. Wengi walikufa kwa ajali na sababu nyingine. Vita vile viliwaua askari wetu zaidi nje ya mapigano, barabarani na kambini, kuliko kwenye mstari wa mbele. Ukiongeza mamia ya safari za malori ya mafuta, yakiendeshwa na watu wasiolala, mengine yakiwa magari yaliyochukuliwa kutoka mashirika na watu binafsi, kwenye matope ya kati ya Biharamulo na mpaka, umeongeza makaburi. Sitataja idadi, kwa sababu itakuwa ya kubuni. Ila nina hakika kwamba sehemu ya kwanza ya deni la zile sekunde ingalilipwa na madereva.

Kampala, kwa makadirio yangu, ingalianguka hata hivyo, pengine majuma mawili au matatu baada ya tarehe 11 Aprili. Kilichokuwa hatarini zaidi ni ile safari ndefu iliyofuata. Baada ya Kampala, majeshi yalikwenda Jinja, kisha yakaendelea kaskazini na magharibi hadi kufika mpaka wa Sudan tarehe 3 Juni. Mwendo ule ulikula mafuta kuliko vita vyote vilivyoutangulia, kwa sababu ulikuwa wa magari, mamia ya kilomita, ukiwafuata watu waliokuwa wanakimbia. Hapo upungufu wa Mwanza ungalijionyesha waziwazi, na mabaki ya jeshi la Amin yangalipata nafasi ya kujipanga upya huko West Nile, nyumbani kwake. Anayejua jinsi eneo lile lilivyoteseka mwaka 1980 na miaka iliyofuata anaweza kuona kwamba mwezi mmoja zaidi wa vita pale usingalikuwa jambo dogo kwa wananchi wake.

Jambo lingalikuwa tofauti kabisa kama bomu lile lile lingalianguka mahali pale pale miezi mitano mapema. Mapema Novemba 1978, Tanzania ilikuwa na askari wachache mpakani, daraja la Kyaka juu ya Mto Kagera lilikuwa limevunjwa, na brigedi zilikuwa bado njiani kutoka Tabora, Songea na kwingineko. Wakati ule hapakuwa na mafuta yaliyotawanywa mbele. Kila kitu kilikuwa kimebanana Mwanza kikisubiri meli na kivuko. Moto mmoja ungaliisimamisha safari nzima kabla haijaanza, mvua za vuli zingalifanya kazi iliyobaki, na Umoja wa Nchi Huru za Afrika, ambao ulikuwa ukihimiza suluhu, ungalipata muda wa kuwakalisha wote mezani huku Amin akiwa bado kaikalia ardhi. Amin alikuwa na ndege za kivita wakati ule. Hakuzitumia kuikaba Mwanza, na kwangu mimi hilo ni kosa lake kubwa zaidi kuliko yale ya Lukaya. Shabaha ile ile, yenye matangi yale yale, ilikuwa na thamani ya vita nzima mwezi Novemba, na ya majuma machache tu mwezi Machi.

Naurudia mji, kwa kuwa uchambuzi unaohesabu mafuta na kusahau watu wanaolala karibu na matangi una kasoro. Mzee mmoja wa mtaani kwetu, ambaye wakati wa vita alikuwa kuli, alinionyesha mahali nyuma ya nyumba yao palipokuwa na handaki. Lilikuwa shimo lenye umbo la herufi L, alisema, lenye kina cha kufika kifuani, limefunikwa kwa magogo, mabati makuukuu na udongo, na ngazi ya kuingilia ilichongwa kwenye udongo huo huo. Mama yake aliweka ndani mtungi wa maji na blanketi la watoto. Nilipomuuliza kama lingaliwasaidia kama mafuta yangaliwaka, alinyamaza kidogo. "Mwanangu," akasema, "sisi tulifundishwa kulala chini. Moto wa mafuta hakuna aliyetufundisha."

Alikuwa ameigusa hatari yenyewe. Handaki humkinga mtu na vipande vya bomu, lakini mafuta yanayowaka hufuata mteremko na mitaro kama maji ya mvua, na Mwanza ni mji wa mteremko na mitaro inayoishia ziwani. Mwelekeo wa moto ungalitegemea saa: mchana upepo huvuma kutoka ziwani kuja mjini, usiku hugeuka. Hospitali ya Bugando, iliyofunguliwa mwaka 1971, ingalipokea majeruhi wa moto kwa idadi ambayo hakuna hospitali ya ukanda huu ingaliiweza. Hapo ndipo kisa hiki kingaliacha kuwa cha usafirishaji na kuwa cha hasira, na hasira ndiyo ninayotaka kuifuata mpaka mwisho wake.

Siku zile zile Muammar Gaddafi alikuwa amempelekea Mwalimu onyo kwamba Tanzania iondoe majeshi yake Uganda katika muda wa saa 24, la sivyo Libya ingeingia vitani rasmi. Mwalimu hakuyumba. Baada ya shambulio la Mwanza, Tanzania ilijibu kwa kutuma ndege zake kupiga maghala ya mafuta ya Kampala, Jinja na Tororo. Ninavyolielewa, jibu lile lilipimwa kwa kibaba kile kile: mmetafuta mafuta yetu, nasi tunayapiga yenu. Liliwezekana kuwa hivyo kwa sababu hapakuwa na maiti mjini Mwanza. Kungalikuwa na safu ya majeneza, kibaba kingalibadilika, na shinikizo la kupiga miji badala ya matangi lingalikuwa kubwa kuliko ambavyo kiongozi yeyote hupenda kukiri.

Ipo hoja dhidi yangu, nayo ni nzito. Septemba 1972, baada ya wapiganaji wa Milton Obote, rais wa Uganda aliyepinduliwa na Amin, kuvuka kutoka Tanzania na kushindwa, ndege za Amin ziliipiga Bukoba na Mwanza, na raia walikufa. Mwalimu hakwenda vitani. Alikubali upatanishi wa Somalia, na mkataba ukasainiwa Mogadishu mwezi Oktoba mwaka ule. Mtu anaweza kusema kwamba aliyevumilia mabomu ya mwaka 1972 angalivumilia na ya 1979. Naiheshimu hoja hiyo, lakini hali hazikufanana. Mwaka 1972 Tanzania ilijua kwamba wapiganaji wale walitokea kwake, na jeshi lake halikuwa vitani. Mwaka 1979 nchi ilikuwa imeshavamiwa, wananchi wa Kagera walikuwa wameuawa na kuporwa, na makumi ya maelfu ya vijana wenye silaha, wengi wao mgambo walioacha mashamba yao, walikuwa tayari ng'ambo wakisikiliza redio. Amri ya kuvumilia ingaliweza kutolewa Dar es Salaam. Kutiiwa kwake na askari mwenye ndugu Mwanza ni suala jingine.

Hapa ndipo ninapofika kwenye tofauti ambayo, kwa maoni yangu, ingalikuwa kubwa kuliko zote, nayo haihusu tarehe ya ushindi. Majeshi ya Tanzania yalipokuwa yanaizunguka Kampala, Mwalimu aliagiza barabara ya mashariki, ile ya kwenda Jinja, iachwe wazi ili Walibya waliokuwa mjini wapate pa kutokea. Walikuwa wameshapoteza watu wengi pale Lukaya, karibu 200 kwa taarifa zilizozoeleka, na wengi wao walikuwa hawajui wanampigania nani. Uamuzi ule ulikuwa na busara ya kidiplomasia, kwa kuwa uliepusha ugomvi mpana na nchi za Kiarabu, na ulikuwa na busara ya kijeshi pia, maana askari anayeona njia ya kutokea hapigani nyumba kwa nyumba. Kampala ilichukuliwa kwa siku mbili, 10 na 11 Aprili, kwa upinzani uliokuwa mdogo kuliko ulivyohofiwa, na watu wakatoka barabarani kushangilia.

Weka sasa moto wa Mwanza siku chache kabla ya amri ile. Weka mazishi ya pamoja, majina yakisomwa redioni kila jioni, na kamanda wa brigedi anayeulizwa na vijana wake kwa nini wale waliowaunguza mama zao wanaachiwa barabara. Sioni kirahisi jinsi amri ile ingalitolewa, na kama ingalitolewa, sioni jinsi ingalitekelezwa bila mtu kuiziba njia ile kwa hiari yake. Barabara ikifungwa, Walibya waliobaki wangalikuwa na chaguo moja tu, la kupigana ndani ya mji uliojaa raia, na Kampala ingalitekwa kwa mizinga, mtaa kwa mtaa. Waganda waliotoka kushangilia wangalikuwa ndani, chini ya vitanda vyao. Urafiki ambao Watanzania waliukuta pale asubuhi ya tarehe 11 ungalianza na vifusi.

Hayo hayakutokea. Mabomu yalikwenda Saanane, Mwanza haikuwa na majeneza ya kuyasindikiza siku ile, na mwanzoni mwa Aprili malori yaliyobeba Walibya yaliondoka Kampala kuelekea Jinja, njia ikiwa wazi mbele yao.